Konokono Aliyekula Mwezi

Yote yalianza na buibui. Katika kitabu changu cha kwanza nilimchora buibui mnene, mweusi, miguu minane kamili. Niliihesabu mara mbili. Nikaenda kukisoma mbele ya darasa la watoto wa miaka sita. Nilipofika ukurasa wake, sauti ndogo ikatoka safu ya mbele: "Mwalimu, miguu ya buibui haitoki tumboni." (Kwa watoto, mtu mzima yeyote anayesimama mbele ya darasa ni mwalimu. Sikumkatalia.) Nikatazama mchoro wangu. Kweli, miguu yote nilikuwa nimeichomeka kwenye lile tumbo la mviringo, kama njiti kwenye kiazi. Buibui ana sehemu mbili, na miguu yake hutoka ile ya mbele, yenye kichwa. Mtoto alijua. Mimi, mwenye jina kwenye jalada, sikujua.

Siku ile niliapa kwamba sitachora tena kiumbe nisiyemtazama akiwa hai mbele yangu. Ni kiapo kizuri, na ni rahisi kukitimiza kama kitabu kinachofuata ni cha konokono. Kingekuwa cha mamba ningejipa msamaha.

Basi nikamleta konokono nyumbani. Nikamwekea sanduku la plastiki lenye udongo mbichi, majani, kipande cha tango, na maganda ya mayai yaliyosagwa, kwa sababu asipopata chokaa nyumba yake hudhoofika. Kifuniko nilikitoboa matundu madogo. Binti yangu akampa jina la Haraka. Akaniuliza kama Haraka ni dume au jike, nikamweleza kwamba konokono wengi wa nchi kavu ni vyote viwili kwa pamoja. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tutamwita yeye." Kiswahili hapo kilituokoa, maana yeye wetu hana suruali wala gauni.

Lazima nikiri kwamba Haraka alikuwa mfano mzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumchora. Watu huchoka, hujikuna, huuliza kama umemaliza. Haraka ukimweka juu ya kioo na wewe ukalala chini, unaona unyayo wake ukipiga mawimbi kutoka nyuma kwenda mbele, wimbi baada ya wimbi, na yeye mwenyewe anateleza bila haraka wala kishindo. Nilijifunza kwamba ana pembe nne: mbili ndefu juu, na macho yapo kwenye ncha zake, na mbili fupi chini za kunusia na kuonja njia. Nilimwona akifungua na kufunga tundu dogo la kupumulia upande wa kulia, chini ya ukingo wa gamba. Na gambani, karibu na mdomo wa nyumba, alikuwa na pengo dogo, kama kikombe kilichobanjuka. Pengo hilo nililichora kwa upendo katika kila picha. Kumbukeni pengo hilo.

Kitabu kilikuwa na kurasa 32, kama vilivyo vitabu vingi vya picha. Si kwamba sisi wachoraji tunaipenda namba hiyo; karatasi kubwa za mtambo wa kuchapa hukunjwa zikatoa mafungu ya kurasa 8 au 16, na ukitaka ukurasa wa 33 utaambiwa ulipie na wenzake wote waliobaki tupu. Hadithi yenyewe ni fupi: konokono anavuka bustani usiku mmoja, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, karibu kila mara akielekea kulia, upande ambao msomaji anafungulia. Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya kurasa mbili zinazotazamana, usiku wa bluu, chura kwenye jani, na mwezi mpevu juu ya kila kitu.

Nachora kwa rangi za maji, na hapo ndipo penye fundo la kisa hiki. Rangi za maji hazina nyeupe ya kutegemewa. Ukitaka mwezi mweupe, huupaki, unauacha. Unapaka anga lote pembeni, unazunguka duara lile kwa pumzi iliyoshikwa, na karatasi yenyewe ndiyo inakuwa mwezi. Na karatasi nzuri ya kazi hii hutengenezwa kwa pamba, kisha mara nyingi huvishwa jelatini, ute mgumu unaochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama, ili isinywe rangi kwa pupa. Pamba na jelatini. Nilikuwa nikijisifu kwa watu kuhusu karatasi hiyo. Haikunijia hata siku moja kuisoma kama orodha ya vyakula.

Usiku wa tukio nilimaliza anga saa tano. Karatasi ikilowa hujikunja kama jani la mgomba juani, kwa hiyo inatakiwa uibandike kwenye ubao kwa mkanda wa gundi pande zote nne. Mkanda ulikuwa umekwisha. Mhariri alikuwa anataka picha zote baada ya siku mbili. Nikatafuta vitu vizito vya kukandamiza pembe nne. Pembe ya kwanza, kamusi. Ya pili, jiwe. Ya tatu, kikombe cha brashi. Pembe ya nne ikabaki inanyanyuka, inashuka, inanyanyuka. Nikatazama huku na huku, mkono ukafika kwenye kitu bapa, kipana, kizito kiasi, kinachofaa kabisa.

Kilikuwa kifuniko cha sanduku la Haraka.

Nikazima taa, nikaenda kulala nikiwa na amani ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Asubuhi niliingia na chai mkononi. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba mwezi haupo. Pale palipokuwa na duara jeupe palikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo niliona mbao za meza. Nimesikia maisha yangu yote kwamba mwezi hupatwa. Sikujua kwamba unaweza kupatwa na mtu unayemfuga. Chura alikuwa amepoteza jicho na nusu ya taya. Ute ulikuwa umepita angani kote, na kila ulipopita ulikuwa umeinyanyua rangi ambayo haijakauka vizuri, ukaacha barabara pana inayong'aa kutoka nyota moja hadi nyingine. Nikiwa mkweli, zile barabara zilikuwa nzuri kuliko anga langu.

Nikafuata nyayo, kama polisi. Zilishuka mezani, zikapanda kabati, zikapita juu ya picha tatu nyingine zilizokuwa zimekauka (hizo alizionja hapa na pale tu, kistaarabu), zikarudi mezani, zikaishia nyuma ya kamusi. Haraka alikuwa amelala ndani ya nyumba yake kwenye herufi K. Konokono ana ulimi wenye maelfu ya meno madogo, unaofanya kazi kama msasa. Hang'ati, anasugua. Alikuwa na usiku mzima wa kusugua.

Huzuni yangu ya kwanza ilikuwa ya mwezi. Ya pili ilinijia baada ya dakika moja, ikaniondoa miguuni: zile nyota nilizipaka manjano ya kadmiamu, na kadmiamu ni sumu. Nikachukua tyubu nikasoma onyo lake kwa herufi ndogo, lakini hakuna mtengenezaji aliyeandika nini cha kufanya iwapo msomaji ni konokono. Tukazihesabu nyota, mimi na binti yangu, moja moja. Zote zilikuwepo. Haraka alikuwa amekula mwezi, uso wa chura, na kiasi kikubwa cha usiku, akaziacha nyota. Tukamrudisha sandukuni kwa matango mapya na kifuniko kilichofungwa kwa kamba.

Siku iliyofuata binti yangu akanijia mbio. "Baba! Njoo uone! Haraka anakunya anga!"

Nikaenda. Ni kweli. Konokono akila karatasi ya rangi, choo chake hutoka na rangi hiyo hiyo. Kilikuwa kimejikunja vizuri juu ya udongo, bluu ya usiku wa manane, rangi ile ile niliyoichanganya kwa saa mbili. Siku zote nimesikia wakosoaji wakisema kazi fulani ni mavi. Mimi nilikuwa na ushahidi.

Nikamwandikia mhariri. Mama yule ameshapokea visingizio vya kila aina: homa, kompyuta, umeme, msiba wa bibi aliyekwisha kufa katika kitabu kilichotangulia. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikaamua kusema ukweli: "Dada, naomba siku tano. Konokono wa kitabu amekula kitabu." Nikaambatisha picha ya tundu. Kwa woga wa kutoaminiwa nikaambatisha na picha ya choo.

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. "Kaka, nakupa tatu. Na usinitumie tena hiyo picha ya pili, nilikuwa nakula."

Siku tatu hazitoshi kupaka upya kurasa zote zilizoharibika. Nikaipaka upya ile ya mwezi tu, safari hii juu ya kabati, na zile nyingine nikazipiga skani ili nizitibu kwenye kompyuta. Tundu dogo la majani unaliziba kwa majani ya ukurasa mwingine, hakuna atakayejua. Lakini ukurasa wa 27 alikuwa amejila mwenyewe. Yaani pale ambapo Haraka wa hadithi anageuka kutazama alikotoka, Haraka wa kweli alikuwa amesugua gamba lote. Na huyo ndiye konokono pekee katika kitabu aliyeelekea kushoto. Ilikuwa saa nane usiku. Nikamchukua konokono wa ukurasa wa 10, aliyeelekea kulia, nikamgeuza kama anavyoonekana kwenye kioo, nikambandika. Akakaa vizuri ajabu. Nikatuma, nikalala.

Kitabu kikatoka. Mhariri hakuona kitu, mchapaji hakuona kitu, na mimi niliyeapa kiapo cha buibui sikuona kitu.

Nikaenda kusoma shuleni. Wakati huu nilijiamini mpaka nikajibebea Haraka sandukuni, kifuniko kimefungwa kwa kamba mbili. Watoto wakamzunguka. Nikafika ukurasa wa 27, mkono ukapanda. Ulikuwa wa msichana mwembamba mwenye sura ya hakimu.

"Mwalimu, mbona hapa nyumba yake inazunguka upande mwingine?"

Nikahisi miguu ya buibui ikinitambaa mgongoni. Nyumba ya konokono ina mwelekeo. Ukianzia kitovuni kwenda nje, karibu konokono wote huzunguka kama mikono ya saa. Wachache mno huzaliwa wakizunguka kinyume, na kwao kila kitu kimehamia kushoto, hata tundu la kupumulia. Mimi kwa kubonyeza mara moja nilikuwa nimemzalisha mmoja.

Mtu mwenye busara angesema, nimekosea. Mimi nikasimulia habari za Jeremy, ambazo ni za kweli kabisa: konokono wa kushoto wa Uingereza ambaye mwaka 2016 wanasayansi wa Nottingham walimtafutia mchumba wa kushoto mwenzake, kwa sababu wa kulia na wa kushoto hawapatani maungo. Tangazo likaenea, wakapatikana wachumba wawili, na hao wawili, badala ya kumpokea Jeremy, wakapendana wao kwa wao. Darasa likacheka sana. Jeremy alipata zamu yake mwishoni, nikaendelea, akafa mwaka 2017, na watoto wake wote wakazunguka kulia. Nikaona nimeshavuka mto.

"Kwa hiyo," nikahitimisha, "huyu wa ukurasa wa 27 ni konokono mwingine. Ni binamu yake Haraka. Walikutana njiani."

Msichana akatazama picha. Akainama, akamtazama Haraka sandukuni. Akarudi kwenye picha.

"Mbona binamu naye ana pengo pale pale?"

Nikamgeukia mwalimu wao aniokoe, aseme muda umekwisha, apige kengele, chochote. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya darasa, kitabu amekileta karibu na pua, na kidole chake kinazunguka hewani: kulia, kushoto, kulia tena.