Ndege Aliyeokolewa kwa Kung'oa Minazi

Sisi watu wa pwani ukitutajia kisiwa kizuri, tunaona minazi. Basi tazama Cousin, kisiwa cha Shelisheli chenye hekta 27 tu, uone minazi ilivyokaribia kummaliza ndege.

Ndege mwenyewe hana makeke: mdogo, rangi ya kahawia iliyofifia, kisayansi huitwa Acrocephalus sechellensis. Kazi yake ni kupekua majani. Anaruka kidogo, anainamisha kichwa, anamdonoa mdudu aliyejibanza upande wa chini wa jani, anahamia jingine. Karibu chakula chake chote kinatoka huko. Sasa mpe makuti apekue, atashiba nini? Mashamba ya minazi yalipoumeza msitu wa visiwa vile, alibaki Cousin peke yake, na kufikia miaka ya 1960 walikuwa hawafiki 30 duniani kote.

Mwaka 1968 kisiwa kikanunuliwa na baraza la kimataifa la kuhifadhi ndege, ambalo leo ni BirdLife. Hawakuja na vizimba wala mashine za kuangulia mayai. Miche ya minazi iling'olewa, mipisonia na miti mingine ya asili ikaachwa iote. Miaka ya 1980 ndege walishapita 300, kisiwa kikajaa. Mwaka 1988 wakahamishwa 29 kwenda kisiwa jirani cha Aride, baadaye wengine visiwa vya Cousine, Denis na Frégate.

Kujaa huko ndiko kulikoleta jambo linalonifurahisha kuliko yote. Nafasi zikikosekana, mabinti wengi hubaki nyumbani kusaidia kulea wadogo zao. Mwanabiolojia Jan Komdeur na wenzake waligundua kwamba mama mwenye eneo lenye wadudu tele huzaa zaidi majike, na mwenye eneo la njaa huzaa zaidi madume, maana hao huondoka wakampunguzia walaji. Na kwa kawaida hutaga yai moja tu, hivyo kukosea ni hasara.

Ndiyo maana kampeni zetu za kupanda miti hunikera kidogo. Kiongozi anashika mche, kamera zinapiga, makofi. Hakuna anayeuliza ni mti gani, wala nani atakula juu yake. Shamba la mikaratusi ni kijani, sikatai, lakini msiniambie ni msitu. Mnaoandaa miche ya msimu ujao, wekeni basi miti ya asili ya mahali penyewe, na isiyofaa ing'oeni bila haya, hata kama ni mnazi.