Kabla ya pistoni, pima spi

Mafundi wengi wa Goma wana dawa moja kwa moto (pikipiki) yoyote ya zamani ya mipigo miwili. Karburateri inafunguliwa, inaoshwa, na isipopona unaambiwa: "Papa, hii ni pistoni." Silinda inaenda kuchongwa, segima (pete za pistoni) zinanunuliwa mtaani Birere, mfuko unabaki mtupu. Mara nyingi pesa hiyo inatupwa. Zile Yamaha DT 125 na AG 100 za mapadri na mashirika zimezeeka, na mpira, kama ule wa spi (pete zinazoziba pembeni mwa mhimili wa injini), huzeeka kabla ya chuma.

Moto za motari wetu wa leo, wale wanaobeba abiria, ni za mipigo minne. Spi ikivuja, zinachafua sakafu basi. Hizi za zamani ni habari nyingine, kwa sababu karta, kile chumba cha chini ya silinda, yenyewe ndiyo pampu. Pistoni ikipanda, hewa na esansi (petroli) vinavutwa ndani ya karta. Ikishuka, vinasukumwa kwenda juu ya silinda. Spi mbili, moja kila upande wa vilebreke (mhimili unaozungushwa na pistoni), ndizo zinazofunga chumba hicho. Ya upande wa volani (gurudumu zito la vilebreke) ikikakamaa, hewa ya wizi inaingia, esansi inapungua, na mafuta ya kulainisha yanayokuja nayo hayatoshi tena. Unaachia gesi, injini inaendelea kulia. Bujie (plagi) inatoka nyeupe. Panda nayo Kibumba na mzigo, uone kama pistoni haitakamata, hata kama ni mpya. Ikichoka ya upande wa ambreyaji (klachi), injini inanyonya mafuta ya bwate (giaboksi): moshi mzito, na mafuta yanaisha bila tone kuanguka chini.

Mji wetu wenyewe unasaidia kuficha ugonjwa. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moto iliyopangiwa nchi za chini inakula esansi kupita kiasi. Spi ikivuja kidogo, moto inaonekana hata imechangamka!

Kupima hakuhitaji mashine ya Ulaya. Toa volani, shusha pistoni, ziba njia ya karburateri na ya ekzosi kwa mpira wa ndani wa tairi, kisha pampu hewa kupitia tundu la bujie kwa kile kipimo cha presha ya damu cha hospitali. Kinaishia milimita 300 za zebaki, yaani kama bar 0.4, na hiyo inatosha. Sindano ikishuka, paka maji ya sabuni kuzunguka spi utazame povu.

Ukibadilisha, badilisha zote mbili. Namba ziko usoni mwa spi: kipenyo cha ndani, cha nje, upana. Ukipata za vitoni, aina ya mpira, chukua. Zinavumilia joto na esansi kuliko za kawaida. Volani ivutwe kwa chombo chake, si nyundo, maana nyundo inapotosha vilebreke. Mdomo wenye springi uangalie ndani ya karta, upakwe grisi. Pitisha ukucha kwenye chuma cha vilebreke: ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na spi ya zamani, simamisha mpya milimita moja pembeni. Kuna injini ambazo spi zimeshikwa kwa ndani, hapo karta lazima itenganishwe vipande viwili, na rulma (beringi) zibadilishwe papo hapo. Anayekuja na silikoni ya kuziba, mwambie asante, hapana.

Lakini fundi aliyepima alipwe, hata spi zikikutwa nzima. Kwa sasa tunamlipa akituuzia chuma tu, basi atapataje faida ya kutuambia kwamba pistoni ni nzima?