Wenzetu wanalinda vijia, sisi tunavijengea ukuta

Jamani kuna kitu kinanikereketa tangu nirudi huku mwezi wa kwanza, nimeona nikiandike kabla kazi hazijanisahaulisha. Nikikosea nisahihisheni ila matusi hapana.

Mi naishi Sheffield, Uingereza, huu mwaka wa nane, kwetu ni Uru, Moshi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu za usiku, na kwa wale wasiojua zamu za usiku zinafanya nini mwili ni kwamba unakula chipsi saa tisa usiku unalala mchana unanenepa huku unachoka. Ndo nikaanza kukimbia. Mwaka jana mwezi wa kumi nikajitia kimbelembele nikajiandikisha nusu marathoni ya milimani, kule Peak District, hifadhi ya vilima jirani na Sheffield, kilomita 21 na ushee na hakuna lami, ni njia za mashambani na porini mwanzo mwisho. Nikajipa moyo, mtoto wa Kilimanjaro bwana, hivi vichuguu vya Wazungu vitanifanya nini? Sehemu ya juu kabisa huko Peak District inaitwa Kinder Scout, mita 636. Sasa fikiria stendi ya Moshi pale tunapovutwa mabegi na wapiga debe tuko juu kuliko kilele chao! Hata Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza nzima, ni mita 1,345, wakati geti la Marangu, ambapo mtu bado hajaanza hata kupanda, limeshapita 1,800.

Niliaibika vibaya. Kilomita mbili za mwanzo nakimbia mlima naona watu wananiangalia kwa huruma, kumbe wenyewe kwenye mwinuko mkali wanatembea, mikono kwenye magoti, hatua fupi fupi, hata wale wa mbele mbele. Kufika juu mimi sina pumzi wao ndo wanaanza mbio. Halafu matope. Kule juu udongo ni mweusi umelowa maji kama sponji, mguu unazama mpaka ugoko ukiutoa unasikia *fyoo*, raba inataka kubaki. Kushuka nikasema hapa sasa ndo kwangu, maana nimekua nashuka korongoni na ndoo, mama mmoja mvi kichwa kizima akanipita kwenye mteremko kama mbuzi, akaniambia samahani mpenzi! Nilimaliza kwa masaa matatu na dakika nne, ya barabarani huwa natumia mawili na kidogo. Mwisho tukapewa chai na keki zilizookwa na kina mama wa kijiji kwenye ukumbi wao mdogo. Hakuna mgeni rasmi, hakuna aliyesubiriwa hata dakika moja. Nikakumbuka mbio moja ya huko nyumbani (siitaji) tuliyosimama juani saa nzima na robo tunamsubiri mheshimiwa aje apulize filimbi.

Ila sio hilo lililonileta. Katika zile kilomita 21 tulipita kwenye mashamba ya watu. Namaanisha mali ya mtu, kondoo wake, ukuta wake wa mawe, na kwenye kila ukuta kuna kigeti au ngazi ndogo ya kurukia. Nikamuuliza mwenzangu wa kazini hivi huyu mkulima mmemlipa sh'ngapi? Akashangaa swali. Akasema hiyo njia ni ya umma, ipo kwenye ramani, mwenye shamba haruhusiwi kuifunga hata akilima mahindi lazima aiache. Na sio kwamba walipewa bure, mwaka 1932 watu wa viwandani Manchester na Sheffield walivamia hapo hapo Kinder Scout kwa miguu, mamia, kwa sababu matajiri walikuwa wameufunga mlima wawinde ndege, vijana watano wakafungwa jela, mashtaka yakiwa ya fujo lakini chanzo ni KUTEMBEA. Sheria ya kuwaruhusu watu wazurure kwenye milima na mapori yale imekuja kutoka mwaka 2000. Karibu miaka sabini watu wanadai njia ya mguu.

Sasa njooni nyumbani Desemba.

Mnaijua jiografia ya kwetu. Barabara zote zinashuka mjini, ukitaka kwenda kwa shangazi yako ng'ambo ya korongo la pili kwa gari unashuka mpaka Moshi halafu unapanda tena, saa nzima, wakati kwa miguu ni dakika ishirini na tano kupitia vijia vya migombani. Na ukifuata kijia kinachoambaa na mfongo (mfereji wa maji wa Kichagga) ndo raha kabisa, maana wazee waliochimba ile mifereji waliipitisha kwenye usawa ili maji yatembee yenyewe, so unakimbia kilomita nzima bila kupanda, maji yanachuruzika pembeni, kivuli cha mgomba na kahawa juu. Hakuna njia ya mbio Ulaya nzima inaifikia hiyo, nabisha na yeyote.

Nikasema ngoja nifanye nusu marathoni yangu mwenyewe. Siku ya kwanza mama ananikimbilia na khanga mpaka njiani, ananiambia jifunge hivyo hivyo ukimbie, hiyo suruali ya kubana hupiti nayo mbele ya kanisa. Sawa, nikafunga. Nimefika mita mia tatu mzee mmoja katoka nje mbio, "Binti, nani amefariki?" Maana kwetu mtu mzima akikimbia saa kumi na mbili asubuhi ni msiba. Shikamoo, marahaba, wewe wa nani, eleza ukoo, pole na mazoezi, ndo uendelee. Watoto wanane nyuma yangu peku peku wananipita kwenye mlima wananisubiri juu wanacheka. Kule Peak District nilikimbia dakika arobaini sijaona mtu, kondoo tu, nilitamani hata bodaboda mmoja anisumbue.

Kilomita ya saba nikagonga ukuta. Tofali, juu vyupa, geti jeusi la chuma. Kijia tulichopita shule miaka saba kimeingia chini ya ule ukuta kama nyoka kaingia shimoni. Nikazunguka kwa chini, ukuta mwingine. Bibi mmoja anakata majani ya ng'ombe akaniambia hapo mwenyewe yuko Dar, anakuja Krismasi wiki mbili anarudi, sisi siku hizi tunazungukia barabarani. Halafu akacheka, "mimi nawaambia nikifa itabidi mnirushe juu kwa juu."

Siku ile niligeuzwa mara nne. Kilomita 21 nimezitimiza kwa kupanda na kushuka barabara ya vumbi kama chizi.

Najua mtasema usalama, wezi wa ndizi na kahawa wapo, mifugo inaibiwa. Kweli, na hati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, ni ya familia sio ya wapita njia. Lakini hicho kijia kilikuwepo kabla ya hati, babu zetu walipitana kwa babu zenu bila kikao. Wiki hizi mwezi wa pili Moshi itafurika wageni wa Kili Marathoni kama kila mwaka tangu 2003, nusu marathoni yake inapandisha Mweka kwa lami, safi sana, gesti zitajaa hela itaingia. Mi nazungumzia ile njia anayopita bibi na mzigo wake wa majani, hiyo haina mdhamini na haitangazwi popote, na tukiifunga hakuna kijana wa kwenda jela kwa ajili yake.

Sasa niseme ukweli wangu maana nisipousema binamu zangu watausema kwenye komenti. Wa kwetu pia unajengwa. Ukuta. Mwezi wa nane kaka alichangisha, mi nilituma pauni mia nne bila kuuliza unapita wapi, nikafurahi na picha za msingi. Nilipokuwa nyumbani ndo nikaenda kupima kwa hatua, unakata kijia cha mfongo katikati, kile kile nilichowasifia hapo juu.

Jumapili nimempigia fundi nikamwambia aache upenyo wa mita moja na nusu upande wa mfereji, gharama ya kuvunja nitalipa. Akasema dada mimi namsikiliza kaka yako. Nikaandika kwenye grupu la familia. Mama kajibu kwa sauti, "waacheni watu wapite." Kaka kasoma, tiki zimekuwa bluu, leo Alhamisi kimya.