Waandani Wao Nao Watajwe

Tukisimulia maisha ya mwanamke aliyefanya makubwa tunaanza na baba yake, tunamfuatisha mumewe, kisha wanaume waliomshika mkono kwenye siasa. Mwanamke mwenziwe aliyekuwa mwandani wake tunampitia kwa mstari mmoja, kama tukimkumbuka. Huko ni kuipunja historia.

Chukua Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani kuanzia 1933 hadi 1945. Lorena Hickok alikuwa mwandishi wa shirika la habari la Associated Press, akapangiwa kuripoti habari zake kwenye kampeni ya 1932. Wakapendana. Siku mumewe anaapishwa, Eleanor alikuwa na pete aliyopewa na Hickok kidoleni. Waliandikiana barua zaidi ya 3,000, na katika moja Eleanor anasema kwamba kwa kuwa hawezi kumbusu, anaibusu picha yake usiku na asubuhi. Barua hizo zilifunguliwa kwa umma 1978, miaka 10 baada ya Hickok kufariki, na ubishi ukaanza: wapenzi au marafiki tu? Mimi naona mahaba ndani yake, na sioni kwa nini yafichwe. Ya chumbani ni yao.

Linaloniuma ni kwamba ubishi huo umeimeza kazi yao. Hickok ndiye aliyemshauri Eleanor awe na mikutano na waandishi wa habari wanawake peke yao, katika miaka ya mdororo wa uchumi ambapo magazeti yalikuwa yakipunguza watu, ili yalazimike kubaki na waandishi wanawake. Alipoacha uandishi, alizunguka nchi nzima akiikagulia serikali hali ya maskini. Aliyoyakuta kwa wachimba makaa wa West Virginia yalimfikia Eleanor, naye akaenda kujionea mwenyewe. Familia zile zikajengewa makazi mapya, Arthurdale. Ukimtoa Hickok, habari hiyo huwezi kuieleza.

Kabla yao alikuwepo Jane Addams wa Chicago, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1931. Kwa takriban miaka 40 mwandani wake alikuwa Mary Rozet Smith, ambaye fedha zake zilisaidia kuiendesha Hull House, nyumba iliyohudumia wahamiaji na maskini. Katika karne ya 19 jamii yao iliona uandani wa namna hiyo kuwa jambo la heshima. Baadaye waganga wa akili walipoanza kuuita ugonjwa, watu wakawa waangalifu. Addams mwenyewe alichoma barua nyingi.

Hapa Dar es Salaam tunakatiza Barabara ya Bibi Titi Mohamed kila siku. Tunajua kwamba 1955 aliongoza kitengo cha wanawake cha TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, na kwamba alikuwa mwimbaji wa ngoma. Lakini alianzia wapi kuwapata wanawake? Kwenye vikundi vya ngoma, vya lelemama na vinginevyo, kwa wanawake waliokuwa tayari wanavaa sare, wanachangiana harusi na kuzikana. Chama kiliukuta mtandao umeshasukwa na mashoga wenyewe, yaani wanawake marafiki. Simpachiki Bibi Titi wala wenziwe mahaba ya Eleanor, yao yalikuwa mengine. Ninachodai ni kwamba nao wameachwa nje vilevile: wanaume waliokuwa kwenye mikutano ya Mnazi Mmoja tunawataja kwa majina, wanawake tunawaita "akina mama wa TANU", basi.

Wenye bibi waliocheza lelemama Kariakoo, Gerezani au Ilala bado wanaweza kuuliza. Msiishie kwenye kadi ya chama na siku ya uhuru. Muulizeni alikuwa anavaa sare na nani, nani alimtunzia fedha zake, alipogombana na mumewe alikwenda kulala kwa nani, na siku ya mkutano nani alimpitia wakaenda pamoja. Akishawataja, andikeni majina yao kamili, na ya baba zao, na mtaa waliokaa.