Shahada ya huduma za jamii Marekani hailipi kama haikufikishi kwenye leseni

Ndugu walioko Tanzania hawaachi kutuuliza sisi tulioko Marekani kama inafaa kuja kusomea huduma za jamii, shahada ambayo vyuo vya huku huitangaza kwa jina la Human Services. Kwa anayekuja na viza ya mwanafunzi, jibu langu ni hapana. Kwa mwenye ukaazi wa kudumu, inategemea anaanzia wapi na anataka kuishia wapi.

Marekani, ustawi wa jamii ni taaluma yenye leseni ya jimbo. Katika majimbo mengi, ili uruhusiwe kufanya mtihani wa leseni unatakiwa uwe na shahada ya ustawi wa jamii yenyewe, BSW (ya kwanza) au MSW (ya uzamili), kutoka programu yenye ithibati ya CSWE, baraza la elimu ya ustawi wa jamii. Human Services haimo. Masomo yake yanakaribiana sana na ya BSW: unasihi, saikolojia, sera za jamii, usimamizi wa mashauri. Mtu anamaliza krediti 120 kwa alama nzuri, anakwenda kuomba leseni, anaambiwa hana sifa. Uamuzi huo hubadilika tu akirudi darasani. Kwa haki, shahada hii ina matumizi yake: hukubalika majimbo kadhaa kama sehemu ya sifa za mnasihi wa watu wenye uraibu, na humsaidia aliyekwisha kuajiriwa kupanda hadi usimamizi wa kituo. Anayeisoma kwa shabaha hiyo anajua anachonunua.

Sasa tazama mshahara. Kwa takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za 2023, msaidizi wa huduma za jamii, kazi ambayo Human Services bila leseni hukufikisha, alipata dola 41,410 kwa mwaka kwa mshahara wa kati, yaani nusu walipata zaidi na nusu pungufu. Gawanya kwa saa 2,080 za mwaka wa kazi, unapata chini kidogo ya dola 20 kwa saa kabla ya kodi. Ofisa ustawi wa jamii alipata dola 58,380, muuguzi mwenye leseni dola 86,070. Mhudumu wa wazee na wagonjwa majumbani, kazi isiyodai shahada yoyote na inayowaajiri Waafrika wengi huku, alipata dola 33,530. Kwa hiyo miaka minne ya chuo inaongeza kama dola 7,900 kwa mwaka juu ya kazi ambayo mtu angeianza baada ya mafunzo mafupi tu.

Na ada? Kwa mwaka wa masomo 2023–24, wastani wa chuo cha jamii (community college) cha miaka miwili ulikuwa dola 3,990 kwa mwaka, chuo kikuu cha umma kwa mkaazi wa jimbo dola 11,260, kwa asiye mkaazi dola 29,150, na chuo binafsi dola 41,540. Miwili ya chuo cha jamii na miwili ya chuo cha umma inafika takriban dola 30,500. Minne ya chuo binafsi inapita dola 166,000. Vyuo binafsi hutoa punguzo, kweli, lakini hakuna punguzo la kawaida linaloziba pengo hilo kwa mshahara ule.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kwa kawaida hulipa ada ya asiye mkaazi: dola 116,600 kwa miaka minne, bila chakula wala pango. Hapati mkopo wa serikali. Mkopo wa benki kwa kawaida hudai mdhamini ambaye ni raia au mkaazi, na huyo huwa ni shangazi au binamu atakayebaki na deni mambo yakiharibika. Anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki chuoni, na akihitimu ana miezi 12 tu ya ruhusa ya kazi, kwa kuwa nyongeza ya miezi 24 ni ya fani za sayansi na teknolojia. Baada ya hapo anahitaji mwajiri wa kumwombea viza ya kazi ya H-1B, ambayo inataka kazi inayodai shahada ya fani mahususi. Kazi nyingi za msaidizi wa huduma za jamii haziidai.

Kwa mwenye ukaazi wa kudumu ningepanga hivi: chuo cha jamii kwanza, ukiwa na uthibitisho wa maandishi kwamba krediti zitahamia kwenye programu ya BSW, kisha BSW, kisha MSW ya njia fupi, ambayo mwenye BSW anaweza kuimaliza kwa takriban mwaka mmoja badala ya miwili. Kinachowaangusha wengi ni fildi, yaani mafunzo ya vitendo kwenye mashirika. BSW inadai saa zisizopungua 400 na MSW 900, mara nyingi bila malipo na mchana. Aliyezoea kupiga shifti mbili anapungukiwa na pesa katikati ya muhula. Uliza mapema kama chuo kinaruhusu fildi ufanyie kazini kwako.

Kuna pia msamaha wa mikopo ya serikali baada ya marejesho 120 ya kila mwezi ukiwa mwajiriwa wa serikali au wa shirika lisilo la faida. Kinachotazamwa ni mwajiri, si aina ya kazi. Nyumba nyingi za kutunzia walemavu na kampuni za huduma za majumbani zinaendeshwa kwa faida, na miaka mitano hapo haihesabiki hata mwezi mmoja. Fomu ya kuthibitisha mwajiri ijazwe kila mwaka.

Nyumbani hali ni tofauti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja ofisa ustawi wa jamii, na mahakama husoma taarifa yake ya uchunguzi wa kijamii. Ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye anayeshughulika na vikundi vinavyoomba mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Msaidizi wa huku hakaribii madaraka hayo. Kinachokosekana nyumbani ni nafasi, na kusitishwa kwa misaada ya Marekani 2025 kumeyumbisha mashirika yaliyokuwa yakiajiri. Hata hivyo, ningemshauri kijana asome shahada ya kwanza huko, kwa mfano Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, afanye kazi, kisha aje kwa MSW, inayopokea shahada ya fani yoyote. Aulize kwanza kama chuo kinakubali shahada ya miaka mitatu, vingine havikubali.

Anayewaza kurudi serikalini ajue kwamba shahada ya nje inapaswa kutambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, matangazo ya ajira huweka ukomo wa miaka 45, na aliyechukua uraia wa Marekani si raia tena wa Tanzania. Achukue nakala rasmi za matokeo mapema, kabla deni la ada halijawa sababu ya chuo kuzizuia.