Dira ya Entebbe na benki ya maswali

Ukitua kwenye kiwanja cha vumbi cha Maasai Mara mwendo wa saa nne asubuhi, huenda ukamkuta. Shati jeupe, mistari mabegani, viatu vilishachukua rangi ya udongo, amekaa kwenye kivuli cha bawa la Cessna Caravan akingoja watalii wamalize kumpiga picha twiga wa mwisho. Simu iko mkononi, lakini haangalii mpira. Anabonyeza A, anabonyeza C, kioo kinawaka kijani, kinawaka nyekundu, anaguna, anasonga mbele. Anasomea mitihani ya nadharia ya ATPL, leseni ya urubani wa ndege kubwa za abiria, na hicho anachokibonyeza ndicho kinachogombanisha watu wa anga kila wakikutana kwenye chai: benki ya maswali, yaani programu ya simu yenye maelfu ya maswali ya mtihani ya kujijaribia.

Lawama zinajulikana. Makapteni wakongwe wanasema vijana wa siku hizi hawasomi, wanakremu. Maelfu ya maswali yanamezwa kama vidonge vya malaria, yanatapikwa chumbani mwa mtihani, na mwezi haupiti kichwa kimeshakuwa kitupu. Ukimuuliza rubani msaidizi kwa nini jambo fulani liko hivyo, anakujibu kana kwamba bado anaiona ile herufi mbele yake. Nimefundisha masomo haya ya darasani kwa muda wa kutosha kujua kwamba hawasingizii. Ninao wanafunzi wa aina hiyo mimi mwenyewe.

Lakini kabla hujamhukumu huyu wa chini ya bawa, tazama mzigo aliobebeshwa. Kwa utaratibu wa Ulaya, ambao hata huku kwetu wengi huutumia kupimia ugumu, mitihani ni 13, kuanzia sheria za anga, injini na vyombo, hadi hali ya hewa na namna mwili wa rubani unavyoweza kumsaliti akiwa juu. Kila mmoja unadai asilimia 75, na alama ulizozidisha kwenye hali ya hewa haziwezi kwenda kuokoa sheria. Kila somo lina nafasi nne, na yote yana miezi 18, inayohesabiwa tangu mwisho wa mwezi ulioketi mtihani wa kwanza. Muda ukikuishia unarudi mwanzo, pamoja na yale uliyokwisha kufaulu. Kenya na Tanzania zina mitihani ya mamlaka zao, ila mama yao ni mmoja, Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago, ule unaotawala usafiri wa anga wa kimataifa, na mtindo ni uleule wa kuchagua jibu.

Sasa mchukue mtu anayefika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kabla jua halijachomoza, anaruka na kutua kutwa nzima kwenye viwanja vya changarawe, anarudi jioni macho yanamwasha. Hafanyi hivyo kwa starehe. Leseni hiyo inataka saa 1,500 za kuruka, na hao watalii ndio wanaomlipia saa zake. Kozi ya Ulaya kwa aliyekwisha kuwa na leseni ya awali haipungui saa 650 za masomo. Atazitoa wapi? Benki ya maswali ndiyo shule pekee inayoingia mfukoni na kumsubiri afunge mkanda wa mizigo.

Hoja ya wapinzani ni nzito, na nitaieleza kwa kisa kinachowapa ushindi, angalau mwanzoni.

Siku moja nilimuuliza kijana mmoja, ambaye alama zake kwenye benki zilikuwa zinacheza juu ya 90: umeruka Entebbe, unageuka kuelekea kaskazini, na chombo pekee ulichobakiwa nacho ni dira ya sumaku. Itakudanganya vipi? Hakungoja hata sekunde. "Kaskazini unasimamisha kabla, kusini unapitiliza, mwalimu." Alimaanisha kwamba ukigeuka kwenda kaskazini, unaacha kugeuka kabla sindano haijafika, kwa sababu inachelewa. Ndiyo kanuni ya nusu ya kaskazini ya dunia, na Entebbe iko kaskazini mwa ikweta, ingawa ni kwa kilomita chache unazoweza kuzitembea kwa miguu asubuhi moja.

Jibu si sahihi. Sindano ya dira haina habari na ikweta ya kwenye ramani. Inaitii ikweta ya sumaku, ambayo hapa Afrika imepanda hadi karibu digrii 10 kaskazini, ikipita Nigeria na Ethiopia. Ukiwa kusini mwa mstari huo, ncha inayovutwa kuinama chini ni ile ya kusini, na makosa ya kugeuka yanapinduka yote. Entebbe, Kisumu, Nairobi, Dar es Salaam: kote huku dira ina tabia za kusini. Ulipopaswa kupitiliza, wewe umesimama mapema, kwa hiyo kosa lako linahesabiwa kutoka pande zote mbili. (Najua, ndege za leo zina vyombo visivyoyumbishwa na mambo haya, na dira hiyo ni ya akiba tu. Akiba huhitajika siku ambayo vingine vyote vimezima.)

Wapinga benki wakisikia kisa hicho hupiga meza: umeona? Kasuku! Nami nilikaribia kusema hivyohivyo, mpaka nilipomuuliza kanuni hiyo ameitoa wapi. Hakufungua simu. Alifungua daftari la darasani. Kanuni ilikuwa pale kwa wino wa bluu, imepigiwa mstari mara mbili, kama ilivyoandikwa ubaoni na mwalimu wake. Mwalimu huyo ni mimi. Nilikuwa nimeitoa kwenye kitabu kilichoandikiwa watu wanaoruka juu ya Uingereza, nikaipeleka ubaoni bila kuongeza hata neno moja kuhusu hapa tulipo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia tuachane na mabenki turudi kwenye vitabu, huwa namuuliza kitabu kipi, na kinasomwaje. Kasuku alishakuwepo darasani miaka mingi kabla ya simu. Alikuwa anaitwa mwanafunzi mzuri.

Kuna jaribio moja ambalo haliniishi hamu. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo yao. Waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja lilisoma vipindi vinne mfululizo, na kwa wastani kila mmoja aliipitia habari hiyo mara 14. Kundi lingine lilisoma kipindi kimoja tu, kama mara tatu hivi, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki wakafungiwa maandishi na kutakiwa waandike kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma walishinda: asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma walikuwa wameporomoka hadi 40, na waliojijaribu walikuwa 61.

Zitazame tena hizo namba, maana mimi huzitazama kila muhula. Aliyesoma mara 14 alipoteza zaidi ya nusu ya alichokuwa nacho kwa siku saba. Aliyesoma mara tatu na kuhangaika kukumbuka alipoteza kumi tu kati ya 71. Na kilichonichoma zaidi ni hiki: watafiti walipowauliza wanafunzi wanadhani watakumbuka kiasi gani, waliojiamini zaidi walikuwa wale waliosoma tu. Yule unayemsifu kwa kupiga msuli juu ya kitabu hadi usiku wa manane, akiwa na kalamu ya kupakia rangi ya njano, ndiye huyo. Amekizoea kitabu, akadhani amekielewa. Na yule wa chini ya bawa, anayewashiwa nyekundu kila dakika, anafanya kazi ambayo ubongo unaihitaji, ingawa kwa macho inaonekana kama mchezo wa simu.

Hapo ningeweza kutulia nikadai ushindi, ila jaribio lenyewe linanikatalia. Wale wanafunzi wa St. Louis walipewa karatasi tupu. Hakukuwa na A, B, C wala D. Kukumbuka jambo kutoka kwenye utupu ni kazi tofauti na kulitambua likiwa limewekwa mbele yako katikati ya matatu ya uongo. Anayepitia benki kwa kasi huanza kutambua maumbo: jibu refu kuliko mengine, lile lenye neno "isipokuwa", lile lenye 1013, kipimo cha kanieneo ya kawaida. Mwisho hasomi tena swali. Hapo makapteni wakongwe wana haki yao kamili, na mimi sina la kuwajibu.

Ila hilo ni tatizo la kiganja, na dawa yake ni kiganja. Nilimwambia yule kijana wa Entebbe afunike majibu, asome swali, aseme jibu kwa sauti na sababu yake, ndipo aondoe mkono. Kwa siku chache za kwanza alama zake zilishuka kutoka 90 hadi karibu na 60, akanijia analalamika kwamba nimemharibia. Nikamwambia hizo 60 ndizo zake, zile nyingine alikuwa ameazimwa.

Katika mabishano haya Pakistan haikosi kutajwa. Tarehe 22 Mei 2020, Airbus A320 ya PIA, shirika la ndege la taifa hilo, ilianguka Karachi, watu 97 kati ya 99 waliokuwemo wakafa. Mwezi uliofuata waziri wa usafiri wa anga akalieleza bunge kwamba kati ya marubani 860 wa nchi hiyo, 262 walikuwa na leseni za kutiliwa shaka, wakituhumiwa kuwa mitihani yao ilifanywa na watu wengine. Ulaya ikaifungia PIA anga yake, na kifungo hicho hakikuondolewa mpaka mwishoni mwa 2024. Orodha ya waziri baadaye ilionekana kuwa na dosari na wengi waliotajwa wakasafishwa, lakini aibu ilikuwa imeshasambaa. Basi wapinzani wananiambia: huko ndiko kukariri kunakoishia.

Sioni hivyo. Aliyemlipa mtu akamfanyie mtihani hakukariri hata swali moja. Kukariri ni kazi, tena ya kuchosha. Yule alikwepa kazi zote, ya kuelewa na ya kukariri kwa pamoja. Kuwaweka hawa wawili kwenye kapu moja ni kumwonea mtu anayelala na simu kifuani.

Penye kunisumbua kweli ni kwingine. Mabenki haya ya biashara hayatungi kila kitu kutoka kichwani. Mengi hushibishwa na watahiniwa wanaotoka chumbani na maswali bado mabichi akilini, wakayaandika kabla hayajapoa. Mamlaka zinayahesabu maswali hayo kuwa siri. Kwa hiyo tunawafundisha vijana uadilifu wa chumba cha rubani, kuripoti kosa lako hata kama hakuna aliyeliona, na huku chombo chao kikuu cha kusomea kinaishi kwa kuchota kisichotakiwa kutoka. Sijapata njia ya kulipamba hilo. Marekani zamani mamlaka yenyewe ilichapisha maswali yake hadharani, na sasa hutoa sampuli tu. Mimi ningependa huku kwetu maswali yaliyostaafishwa yatolewe wazi pamoja na maelezo yake, ili kijana asilazimike kununua ya magendo ili apate mazoezi.

Ulaya walichukua njia ya tatu, ambayo nadhani ni ya busara kuliko kupigana na simu. Walibadilisha mtaala na kuongeza sehemu wanayoiita Eneo 100, ambayo haina karatasi ya kuchagua majibu. Shule yenyewe inampima mwanafunzi kwa kumwekea hali fulani mbele yake na kumtazama anavyofikiri, anavyopiga hesabu kichwani, anavyozungumza na mwenzake. Mitihani 13 imebaki, na mabenki yamebaki. Waliona kwamba kuna mambo ambayo karatasi haiwezi kuyapima hata ukiitunga upya kila mwezi, wakayahamishia mahali pengine. Shida ni kwamba hilo linataka walimu wengi na muda mwingi, na shule zetu nyingi zina upungufu wa vyote viwili.

Wiki iliyopita kijana wa Entebbe alinitumia picha ya swali kwenye simu. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, alasiri ya nyuzi 27, kanieneo ya kawaida: je, kwa wepesi wa hewa hiyo ya joto, injini na mabawa vitajiona viko futi ngapi? Chini ya swali palikuwa peupe. Alikuwa amekata majibu yote manne kabla ya kunitumia. Nilijua ni karibu na 8,000, kwa sababu nimeshaliona swali hilo mara nyingi. Nikaanza kuandika 8,000, nikafuta, nikaenda kutafuta kalamu.