Huku hawamjui baba yako

Wiki iliyopita mpwa wangu wa Wete, Pemba, aliniandikia WhatsApp huku Uingereza. Salamu ndefu, kisha swali: "Mjomba, nikifika huko nitoe hadithi gani?" Hakuuliza njia wala nauli. Aliuliza hadithi, kama mtu anayeuliza harusini kunavaliwa nguo gani.

Vijana wa kwetu wamekulia kwenye khabari za kujilipua, yaani kuomba ukimbizi kwa hadithi ya kutunga: fulani alifika London, akachana pasi chooni, akawa Mbajuni wa Kisimayu, Somalia, leo ana nyumba. Ni kweli wapo waliofanya hivyo. Ni kweli pia kwamba maofisa wa Uingereza walishtuka, wakaanza kurekodi sauti za watu ili wataalamu wa lugha wapime kama hicho ni Kibajuni au Kiunguja. Wabajuni wenyewe, waliokimbia vita, wakaja kuteseka kwa uongo wetu. Barazani hilo halisemwi.

Mimi hadithi yangu sikuinunua. Tarehe 27 Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji Pemba, nilikuwa Wete. Siku chache baadaye nilikuwa ndani ya mashua naelekea Shimoni, kama wenzangu zaidi ya 2,000 waliovuka kuingia Kenya wakati ule. Ya Shimoni hadi Uingereza nayaruka, si yangu peke yangu kuyasimulia.

Nilidhani ukweli unatosha. Kwetu nikigombana na mtu juu ya mpaka wa shamba la mikarafuu naenda kwa sheha, mkuu wa mtaa, na kabla sijafungua mdomo anajua mimi mtoto wa nani na kama ukoo wetu una tabia ya kuzua. Neno langu linapimwa kwa mizani hiyo. (Mizani yenyewe ina dhulma zake, hasa ukiwa wa chama kisichotakiwa.) Huku hakuna anayemjua baba yako. Wanataka tarehe.

Na baba ndiye aliyeniponza. Kwenye mahojiano ya kuomba ukimbizi nilisema baba yangu alifariki 1989. Kurasa chache mbele nikasema baba ndiye aliyenificha ghalani. Mpemba yeyote anajua hapo namsema baba mkubwa. Nikasema polisi waliingia mtaani saa tatu. Mkalimani, ambaye Kiswahili chake sijui alikitoa wapi, akaitafsiri tatu kuwa tatu ya Kizungu, ikawa saa tisa alasiri. Lakini nilishasema kwamba adhana ya adhuhuri niliisikia nikiwa ghalani! Nikasema ilikuwa mwanzoni mwa Mfunguo Pili, mwezi wa pili tangu Ramadhani iishe, naye akaufanya mwezi wa pili wa Kizungu, Februari. Barua ya kukataliwa ilivihesabu hivyo vyote kuwa uongo, kimoja kimoja, kwa namba.

Wakili wangu alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, ambaye wazazi wake walifukuzwa na Idi Amin 1972. Alilipwa na serikali ileile iliyonikataa, kwa vile sina pesa. Mzee wangu mmoja hilo mpaka leo haliamini. Wakili aliisoma barua, akacheka. Nilikasirika. Akavuta karatasi, akachora duara mbili za saa, moja akaiandika Wete, ya pili London, mshale wa kwanza akauelekeza kwenye tatu, wa pili kwenye tisa. Kisha kwa Kiswahili chake cha dukani: "Wewe baba iko ngapi?"

Alinihoji kila Alkhamisi kwa miezi, mpaka nikamchukia. Sisi tumelelewa kufunika: siri ya mtungi aijuaye kata. Yeye alitaka mtungi uvunjwe mezani kwake, hata yale ambayo mke wangu hajayasikia. Na kila nilipotia chumvi ili nionekane nimeteseka zaidi, aliifuta.

Tarehe 10 Oktoba 2001 CCM, chama tawala, na CUF, chama cha upinzani, wakatia saini Muafaka, mapatano ya kumaliza uhasama wao. Wapemba wa huku tulipigiana simu, watu wakalia kwa furaha. Mimi nilifurahi na kuogopa kwa pumzi moja, maana sasa wangesema kwenu kumetulia, rudi. Ilibidi wakili aonyeshe kwamba khofu ni ya mtu mimi, si ya kisiwa. Jaji alikubali mwaka uliofuata.

Siku za kusubiri nililishwa kwa vocha za kama pauni 36 kwa wiki, kumi tu zikiwa taslimu, na duka halikurejesha chenji. Nilinunua chumvi nisiyoihitaji ili nimalize vocha. Leo vocha hizo hazipo, lakini mwombaji mtu mzima anapewa chini ya pauni 50 kwa wiki, na mpaka upite mwaka bila jibu hawezi hata kuomba ruhusa ya kufanya kazi.

Mpwa wangu nimemwambia hivi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataja khofu ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la jamii au siasa. Bei ya karafuu haimo. Na anayekuuzia hadithi London kwa pauni mia tano si wakili. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kibali ni kosa la jinai huku, kwa sheria ya 1999. Hadithi ikikataliwa, yeye anabaki na pesa na wewe unabaki na jina la mwongo kwenye faili.

Pasi yangu ya ukimbizi iliandikwa nchi zote isipokuwa Tanzania. Mama alikufa 2008. Kaka yangu aliweka simu kwenye mfuko wa shati nisikilize maziko, nikausikia mchanga zaidi ya dua. Baadaye nikachukua uraia wa huku, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, wa kwetu ukaondoka. Mwaka 2013 nilishuka Zanzibar kwa viza ya dola 50. Kijana wa dirishani, rika la mwanangu, akanikaribisha kwa Kiingereza.

Nilimuuliza mpwa wangu: unaogopa nini hasa, na nani? Akajibu: "Naogopa kukaa hivihivi, mjomba." Jibu la kweli, na wakili hana la kulifanyia. Nimemtumia namba ya binamu yake wa Muscat, ana duka na anatafuta mtu wa mkataba. Hajaipiga bado.